Kabla ya kupiga kiki, tega sikio

Ukitaja neno pikipiki katika mtaa wa Pipeline hakuna atakayekuuliza ni ya aina gani. Kila mtu atajua unasema boda boda. Ni yule kijana wa jaketi la kumetameta anayengoja abiria wa Kware, Tassia au Fedha. Ni mtungi wa gesi uliofungwa nyuma kwa mpira, ni gunia la kabeji likitoka sokoni alfajiri. Pikipiki hizi hulipa kodi ya nyumba na karo ya watoto, nasi hatuna neno baya la kusema juu yake leo.

Lakini iko pikipiki nyingine. Hii huioni ikikimbizana na matatu. Imelala chini ya turubai nyuma ya nyumba, tangi limeshika kutu na kuku wametaga chini ya kiti chake. Ilikuwa ya babu aliyekuwa afisa wa kilimo, au ya mwalimu aliyestaafu zamani. Kijana wa mjini huenda mashambani wakati wa Krismasi, akainua lile turubai, na moyo wake ukanaswa papo hapo. Anarudi Nairobi na swali moja tu: nianzie wapi?

Swali hilo ndilo letu Jumapili ya leo. Jibu lake ni fupi, ingawa maelezo ni marefu: anza na watu, pikipiki itafuata. Chombo cha zamani hakina duka la kukiuza kikiwa na dhamana, wala hakina karakana yenye bango barabarani. Ujuzi wake umo vichwani na mikononi mwa watu wachache, wengi wao wenye mvi, na mmoja akienda huenda na aliyoyajua. Anayenunua chuma kabla ya kujuana na watu hao, mara nyingi hubaki na chuma tu. Mwisho wake ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

YA ZAMANI NI IPI?

Tuelewane kwanza juu ya jina. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka wa 1966, huhesabu chombo kuwa cha kihistoria kikiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, kikiwa kimehifadhiwa katika hali yake ya asili, na kikiwa hakitumiwi kama usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho, ile pikipiki ya boda boda iliyopauka rangi kwa jua na kubeba watu wanne jana jioni haijawa ya zamani. Imechoka, basi. Kuchakaa na kuwa ya kale ni mambo mawili.

Kwetu Kenya utakutana na makundi mawili makubwa. La kwanza ni lile la Waingereza: BSA, Triumph, Norton, Matchless, Ariel. Hizi ndizo wazee wetu wengine waliziita tukutuku, kwa sababu ya mlio wake. Herufi BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kwani kampuni hiyo ilianza kwa kuunda bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitengeneza zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20 kwa ajili ya jeshi. Vita vilipokwisha ikatoa kijipikipiki kidogo kiitwacho Bantam, mwaka wa 1948, ambacho mchoro wake ulichukuliwa kutoka Ujerumani kama sehemu ya fidia ya vita. Kwa hivyo ukiona Bantam ya Mwingereza, jua kwamba babu yake ni DKW ya Mjerumani.

Kundi la pili ni la Wajapani, nalo ndilo lililo karibu zaidi na maisha ya familia zetu. Yamaha DT, Yamaha AG100, Suzuki na Honda ndizo zilizompeleka afisa wa mifugo kwenye maboma, chifu kwenye baraza na padre kwa waumini wake. AG100 iliundwa hasa kwa kazi za shambani; cheni yake imefunikwa isiingie matope, na ina vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma.

Katika kundi hilo iko moja ambayo mkazi wa Pipeline anapaswa kuijua kwa jina: Honda CG125. Ilipotolewa mwaka wa 1976, Honda ilikuwa imewafikiria wateja wa nchi kama zetu, wanaobebesha pikipiki mizigo mizito na kusahau kubadilisha oili. Injini ikaundwa ngumu na nyepesi kutengeneza. Miaka ikapita, na viwanda vya Uchina vikaiga injini hiyo. Serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, nyingi ya zile zilizomiminika mitaani zilikuwa na injini ya ukoo huo.

Umeona jambo hilo linatupeleka wapi? Yule fundi wa boda boda aliyekaa juu ya debe pale kando ya barabara ya Outer Ring, mikono imejaa grisi, amekuwa akifungua na kufunga mjukuu wa ile Honda ya babu yako kila siku. Hajui kwamba anajua. Wewe pia hukujua. Basi mlango wa kwanza wa kuingilia katika ulimwengu wa pikipiki za zamani uko chini ya ghorofa unayokaa.

MILANGO MITATU

Mlango wa kwanza tumekwisha kuutaja: fundi wa mtaani. Mtembelee wakati hana kazi nyingi. Msalimu, mwite fundi kwa heshima yake, na umwulize kama amewahi kugusa pikipiki ya miaka ya sabini au themanini. Karibu kila fundi aliyekomaa ana mzee wake aliyemfunza kazi, na mzee huyo ndiye unayemtafuta. Fundi atakwambia, "Nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma." Neno hilo moja, nimekutuma, lina nguvu kuliko tangazo lolote.

Mlango wa pili ni Kirinyaga Road, ile ambayo watu wengi bado huita Grogan. Huko ndiko vipuri vya kila namna huuzwa, na wauzaji wa siku nyingi wanamjua kila mteja anayekuja kuuliza vitu visivyoulizwa na wengine. Kwa kazi ya kuchonga chuma, kuna mafundi wa Kariobangi Light Industries. Kipuri kisichopatikana dukani, wao hukichonga upya wakiletewa kile cha zamani kama mfano.

Mlango wa tatu ni maonyesho. Mashindano ya Africa Concours d'Elegance yalianza mwaka wa 1970, huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, mara nyingi mwezi wa Septemba. Wengi hudhani ni siku ya magari peke yake. La hasha. Pikipiki zina madaraja yao, na wenyewe hutoka hata Uganda kuja kushindana. Waamuzi huinama wakachungulia chini ya matagadi kutafuta tope, na huangalia injini, rangi na hali ya chombo kulingana na umri wake. Ukienda huko kama mtazamaji, kwa siku moja utaona na kusikia mengi ambayo ungeyatafuta mwaka mzima.

NAMNA YA KUJITAMBULISHA

Sasa umewafikia. Wako watu watano au sita wamezunguka Triumph, mmoja amepiga goti, mwingine ameshika tochi. Ufanye nini?

Kwanza, sema kweli. Sema wewe ni mgeni, hujui kuendesha vizuri, na huna pikipiki bado. Usijitie ujuzi. Katika kundi hili uongo haufiki mbali, kwa sababu utapewa spana namba fulani ushike na utajulikana papo hapo. Lakini mtu anayesema, "Mzee, mimi sijui lolote, naomba nitazame," ni nadra kufukuzwa. Kuuliza si ujinga.

Pili, usiguse bila ruhusa, na usikalie kiti cha pikipiki ya mtu hata kama ameenda kununua soda. Mtu ametumia miaka mitatu kutafuta tangi lile. Mkwaruzo wa zipu ya jaketi lako hautasahauliwa.

Tatu, chunga swali lako la kwanza. Wageni wengi huanza kwa "Ulinunua pesa ngapi?" au "Hii inakimbia kiasi gani?" Jaribu badala yake, "Mzee, hii uliipata wapi?" Kila pikipiki ya zamani ina hadithi ya namna ilivyopatikana, na mwenyewe hutamani mtu wa kumsimulia. Katika hadithi hiyo utasikia majina ya mafundi, mahali pa kupata vipuri, na makosa aliyoyafanya ambayo wewe utayaepuka bure.

Nne, usiende mikono mitupu. Sisemi upeleke zawadi. Wewe kijana una macho makali na simu yenye intaneti. Vitabu vya maelekezo vya pikipiki nyingi za kale vinapatikana huko, na mzee ambaye macho yamefifia hawezi kusoma maandishi madogo ya mchoro wa nyaya za umeme. Msomee. Piga picha kila kipande kabla hakijafunguliwa, ili kujulikane kilivyokaa. Osha vyombo kwa mafuta ya taa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa methali hiyo ni ya kweli kabisa. Kundi la wazee lisilo na mgeni kijana linahesabu siku zake.

Si hapa kwetu tu. Uingereza yenyewe, nchi iliyounda pikipiki hizo, iliona hatari ya kuzipoteza. Mwaka wa 1946 bwana mmoja aitwaye C. E. Allen aliwakusanya watu waliopenda pikipiki za zamani, wakaunda Vintage Motor Cycle Club. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na kila kitu kilikuwa haba. Hata hivyo waliona kwamba wasipokutana, ujuzi utatawanyika. Klabu hiyo ipo hadi leo.

MZEE SI MWALIMU WA KUENDESHA

Hapa nakuomba, ndugu msomaji, usome polepole, kwa kuwa ni jambo la uhai. Usijifunze kuendesha kwa pikipiki ya zamani.

Kwenye pikipiki ya kisasa, gia iko mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kulia. Pikipiki nyingi za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 ziko kinyume: gia kulia, breki kushoto. Zilibadilishwa baada ya Marekani kuamuru kwamba pikipiki zote zinazouzwa nchini humo, kuanzia zile za mwaka wa 1975, ziwe na gia upande wa kushoto. Sasa fikiria. Umezoea pikipiki ya kawaida, umepanda BSA ya mzee, na mtoto amechomoka kati ya matatu mbili. Mguu wako wa kulia utakanyaga kwa mazoea. Hautapata breki. Utapata gia.

Isitoshe, breki zenyewe ni za ngoma, na haziumi kama za diski. Nyingi zina umeme wa volti 6, hivi kwamba taa yake usiku ni kama kibatari, na dereva wa lori nyuma yako haoni kitu. Zile zenye injini ya mizunguko miwili huchanganyiwa oili na petroli. Ukisahau oili, pistoni hukwama na gurudumu la nyuma hujifunga ukiwa katikati ya barabara.

Kwa hivyo jifunze kwanza katika shule ya udereva, kwa pikipiki ya kawaida. Pata leseni ya daraja la A2, ambayo hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Endesha miezi kadhaa ukiwa peke yako, mvua na jua, hadi mikono na miguu ifanye kazi bila kuamriwa. Ndipo umwombe mwenye pikipiki ya zamani akuonyeshe yake, mahali pasipo na magari. Mwenda pole hajikwai.

Kofia ngumu usiifanyie mzaha. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iwe na alama ya ubora, ikukae vizuri, na kamba ifungwe. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia na jaketi la kumetameta, na abiria awe mmoja tu. Sheria hiyo haikuweka boda boda upande mmoja na watu wa maonyesho upande mwingine.

KARATASI NA MFUKO

Turudi kwa ile pikipiki ya babu. Unadhani ni yako kwa kuwa wewe ndiye uliyeipenda? Ikiwa babu amefariki, ile ni mali ya urithi. Baba yako, shangazi zako na ami zako wana neno juu yake. Kitu kilichoachwa chini ya turubai miaka 20 bila mtu kukitazama, siku ukianza kukisafisha ndipo kila mtu hukumbuka kwamba alikuwa amekipenda. Kaeni kikao. Pateni hati za mahakama za kusimamia mali ya marehemu, kwa kuwa bila hizo jina halibadilishwi. Ni heri kuchelewa miezi sita kuliko kugombana na ndugu kwa sababu ya Yamaha.

Ukinunua kwa mtu mwingine, linganisha namba ya injini na ya fremu na zile zilizo katika hati ya umiliki. Pikipiki iliyosajiliwa zamani huwa na namba kama za magari ya wakati huo: herufi tatu zikifuatwa na tarakimu, bila herufi ya mwisho. Ukiona pikipiki inayodaiwa kuwa ya 1968 ina namba mpya ya pikipiki inayoanza na KM, uliza maswali. Huenda kuna sababu nzuri, huenda hakuna. Uhamisho wa jina hufanywa kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, na bima ya kuwakinga watu wengine ni lazima kisheria.

Juu ya pesa nitasema jambo moja. Bei ya kununua ndiyo ndogo. Bei kubwa ni ya kukifufua chombo, nayo haijulikani mpaka injini ifunguliwe. Kwa hivyo weka kiasi fulani kila mwezi, kama watu wafanyavyo katika chama, na kiasi hicho kisitoke kwenye karo wala kodi ya nyumba. Pikipiki iliyongoja miaka 30 itangoja mwezi mwingine. Watoto hawangoji.

Jambo moja dogo la kiufundi, maana fundi asipolikumbuka utalipa mara mbili. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2006 petroli ya Kenya haina madini ya risasi. Ni baraka kubwa kwa akili za watoto wetu. Lakini baadhi ya injini za zamani za mizunguko minne zilitegemea madini hayo kulinda mahali vali hukalia. Injini ikifunguliwa, mwulize fundi kuhusu hilo kabla haijafungwa.

MAHALI PA KULALA

Mtu wa Karen ana gereji. Wewe unakaa ghorofa ya sita Pipeline, ngazi ni nyembamba, nguo zimeanikwa kila roshani, jua halifiki chini na maji unayabeba kwa mtungi. Je, hobi hii si ya watu wengine?

Haiwezekani kupandisha pikipiki hadi juu, hilo ni kweli. Lakini waendeshaji wa boda boda walikwisha kulitatua tatizo hili. Pikipiki zao hulala chini ya ploti au katika yadi zenye mlinzi, kwa malipo. Zungumza na msimamizi wa ploti kabla ya kuleta chombo, na ukubaliane na yadi kwa mwezi. Wengine huiacha pikipiki kwa mzee yule aliyewafunza, nao humlipa kwa kazi ya mikono. Vipande vidogo, kama kabureta na taa, unaweza kuvipanda navyo nyumbani kwa mfuko, ukavisafisha juu ya gazeti.

Ila petroli isipande nawe. Mtaa wetu umepewa jina la bomba la mafuta litokalo Mombasa, lililoanza kazi mwaka wa 1978. Majirani zetu wa Sinai, huko Lunga Lunga, walizika zaidi ya watu 100 baada ya moto wa petroli wa tarehe 12 Septemba, 2011. Katika chumba kimoja chenye jiko, mshumaa na watoto, chupa moja ya petroli inatosha kuleta msiba. Mwaga tangi nje, palipo wazi, mbali na moto, na mafuta yabaki huko huko.

SAFARI YA KWANZA NA KUNDI

Itafika siku utaalikwa. "Jumapili tunaenda Kiserian kunywa chai, njoo." Moyo utaruka. Sikiliza basi.

Jaza tangi jioni ya Jumamosi. Fika mapema. Mwambie kiongozi kwamba hii ni safari yako ya kwanza. Kundi lililo na adabu litakuweka nyuma ya kiongozi, ili mwendo ufuate uwezo wako. Nyuma kabisa huwa na mtu mmoja mzoefu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Pikipiki hazifuatani mstari mmoja zikigusana. Moja hukaa kulia ya njia, inayofuata kushoto, na nafasi ya kutosha kati yao. Hakuna kupitana ndani ya kundi.

Kubwa kuliko yote, endesha mwendo wako. Wengi walioanguka katika safari za namna hii hawakuanguka kwa kutojua. Walianguka kwa kuona haya kuachwa nyuma. Ukiona kundi linakucheka kwa mwendo wako wa polepole, au linakunywesha pombe kabla ya kurudi, geuza pikipiki na urudi nyumbani. Hilo silo ulilokuwa ukilitafuta. Liko jingine.

Na pikipiki ya mtu ikizima njiani, kama zizimavyo, usione safari imeharibika. Simama pamoja na wengine. Shika tochi. Kando ya barabara ya Magadi, plagi ikiwa imetolewa na kila mtu akitoa maoni yake, ndipo mgeni huacha kuwa mgeni.

NENO KWA WAZAZI

Mama au baba unayesoma ukurasa huu, najua roho yako imeshtuka. Huna makosa. Katika barabara zetu, baada ya wanaokwenda kwa miguu, watu wa pikipiki ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi zaidi. Lakini mtoto aliyekwisha kuipenda pikipiki hazuiliwi kwa kugombezwa. Ataenda kujifunza kwa siri, bila kofia, kwa pikipiki ya rafiki. Heri umpeleke mwenyewe kwa mzee mwenye subira. Kuna mengi ya kujifunza kabla ya kupanda: umeme, chuma, hesabu, historia, na kungoja. Huenda akatumia miaka miwili akifungua na kufunga injini kabla hajatoka lango la yadi, na katika miaka hiyo ukapata fundi nyumbani.

Usidhani pia kwamba ni mambo ya wavulana peke yao. Nairobi imekuwa na vikundi vya wanawake waendesha pikipiki, kama Inked Sisterhood, ambao wameenda safari ndefu na kurudi salama. Binti yako akiuliza jina la kipande fulani, mjibu. Na kama hujui, nendeni wote kwa fundi.

Kisha liko jambo la wazee wenyewe. Katika mitaa yetu wako wanaume waliostaafu ambao hakuna anayewauliza kitu. Watoto wameondoka, redio imekuwa rafiki. Mmoja wao anajua kusikia, kwa sikio tupu, kwamba moto wa plagi umewahi au umechelewa. Hakuna kitabu kitakachokufunza hilo. Inabidi asimame kando yako, injini ikinguruma, akuguse bega na kusema, "Sikia hapo. Umesikia?" Mara ya kwanza hutasikia chochote. Mara ya kumi utasikia.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujahesabu pesa na kabla hujamsumbua mtu akuuzie, shuka ngazi uende kwa yule fundi wa kando ya barabara. Mwulize ni nani aliyemfunza kazi, na kama mzee huyo bado yuko hai. Akikwambia yuko, usingoje mwezi ujao.